PIMA HATUA KUTOKA KWENYE DAMU HADI KWENYE GETI LETU



Neno la leo liko Kumbukumbu la Torati 21, mstari wa 1 hadi wa 9. Lisome mwenyewe kabla hujaendelea, maana wengi wenu hamjawahi kuhubiriwa sura hiyo. Hata mimi sijawahi kuihubiri, na huu ni mwaka wa 17 nikisimama madhabahuni. Leo siandiki ili kumfariji mtu. Kama unatafuta post ya kutamka baraka za wiki, ya jana iko hapo chini.

Mnajua kilichotokea Jumatano jioni. Mama anayeuza viazi karai na mihogo pale kona ya kuingilia kwetu alikatwa panga mkono wa kushoto na vijana wanne waliotaka simu na pesa za mauzo. Watatu walikimbia. Wa nne aliteleza kwenye mtaro, watu wakamfikia. Alikuwa na miaka 16. Ilikuwa mawe, ikawa rungu, halafu mtu akaja na tairi. Gari la polisi lilipofika alikuwa ameshakata roho. Tairi halikuwahi kuwashwa.

Saa moja na nusu usiku. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa ndani, ibada ya katikati ya wiki, tukikemea roho ya umwagaji damu juu ya Kisauni. Mimi ndiye niliyeongoza maombi hayo. Spika zilikuwa juu kiasi kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemsikia yule mama akipiga mayowe. Tulisema Amina, tukafunga, tukatoka, tukakuta watu wamejaa njiani.

Alhamisi asubuhi nilitoka na soja wetu wa geti, tukahesabu hatua kutoka pale walipomwaga mchanga juu ya damu hadi kwenye geti la kanisa. Hatua 212. Mimi nina miguu mirefu, wewe ukihesabu zitakuwa zaidi.

Nilipima kwa sababu ya kifungu hicho cha Torati. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba ikipatikana maiti ya mtu aliyeuawa, imelala nje, na muuaji hajulikani, wazee na waamuzi watoke wapime umbali kutoka kwa maiti hadi miji iliyo kando yake. Mji ulio karibu zaidi ndio unaobeba jambo hilo. Wazee wake wanachukua ndama ambaye hajawahi kufungwa nira, wanampeleka bondeni kwenye maji yasiyokauka, wanamvunja shingo, wananawa mikono juu yake mbele ya makuhani, na wanatamka kwamba mikono yao haikumwaga damu ile wala macho yao hayakuona.

Angalia vizuri. Hakuna aliyewashtaki wazee hao kwa mauaji. Wameitwa kwa sababu wako karibu, basi.

Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alitueleza kwamba walimu wa Kiyahudi wa zamani walijiuliza kuhusu kifungu hiki. Nani angefikiria kwamba wazee wa mji ndio wauaji? Mbona waape? Jibu lao limehifadhiwa kwenye Mishna. Walisema wazee wanachoapa ni kwamba mtu yule hakufika kwao wakamwacha aende zake bila chakula, wala hawakumwona wakamwacha aondoke bila wa kumsindikiza. Niliandika hayo kwenye daftari, nikapita mtihani, nikayasahau kwa miaka ishirini.

Yamenirudia wiki hii kwa sababu mimi siwezi kuapa hivyo.

Yule kijana alikuwa wetu. Wale mliofundisha shule ya Jumapili miaka sita, saba iliyopita mnamkumbuka, alikuwa akipenda kukaa karibu na ngoma. Mama yake bado huja, hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango kwa sababu hutoka mapema kwenda kibaruani. Mwezi wa pili mwaka huu, siku ya Jumanne mchana, kijana huyo alikuja getini. Aliniambia, "Pasta, naweza kuingia nipige ngoma kidogo? Sitaharibu." Nilikuwa natoka kwenda kwenye mkutano wa wachungaji. Nilikuwa nimechelewa, shati limepigwa pasi, gari linanguruma. Nikamwambia ukumbi umefungwa, njoo Jumapili. Akasema sawa pasta. Akarudi alikotoka, na nyote mnajua maskani ile haifungwi Jumanne.

Kwenye mkutano ule, wapendwa, ajenda ilikuwa vijana.

Sasa nije kwenu. Jumatano usiku nilipoandika hapa kwamba kuna tukio na tuombe, nilipata majibu mengi. "Amina" zilikuwa 41. Kuna aliyeandika "Mungu hujibu maombi". Kuna aliyeandika kwamba huyo ameenda anakostahili na wengine wafuate. Huyo wa mwisho ni mtu anayeshika kikapu cha sadaka. Sijafuta maneno hayo na sitayafuta. Nataka uyasome tena leo ukiwa umetulia, ukijua ni mtoto wa nani.

Najua hasira yenu inatoka wapi. Kuna dada katika kwaya ambaye mpaka leo hashiki kitu kizito kwa sababu ya panga. Kuna wazee wamehama Mtopanga wakaenda kupanga kwingine wakiwa na nyumba zao. Mtu akikuambia usikasirike, huyo haishi huku. Yule mama wa viazi karai amelala wodini na watoto wake wanalala kwa jirani, na siandiki haya kumfanya aonekane mdogo mbele ya aliyemkata. Aliyemkata alifanya dhambi na alifanya uhalifu, na wale watatu waliokimbia wanatakiwa wakamatwe wafikishwe mahakamani. Nimesema hivyo kwa chifu na nasema hapa.

Lakini hili la kwamba dawa yao ni risasi au mawe, hebu tulipime kama watu wazima. Mwaka 2010 bunge letu lilipitisha sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa, na mwaka huohuo serikali ikachapisha kwenye Gazeti Rasmi majina ya makundi 33 yaliyopigwa marufuku. Mwisho wa mwaka 2016 ikachapisha orodha nyingine. Safari hii majina yalikuwa karibu 90. Miaka sita, marufuku juu ya marufuku, misako juu ya misako, na orodha ikarefuka. Mimi si mtaalamu wa usalama. Ila mkulima akipalilia shamba miaka sita na magugu yakazidi, hata mtoto atamuuliza kama anang'oa mizizi au anakata majani.

Na mkishaua mmoja kwa mawe mnafanya nini na wadogo zake? Jumatano watoto wa shule ya msingi walisimama pale wakitazama. Wawili ni wa kanisa letu. Wameona watu wazima wanaowajua, watu wanaowaamkia shikamoo, wakimpiga mtu mpaka akafa. Hilo nalo ni fundisho, na halikuhitaji ubao.

Twende kwenye jambo lenyewe. Wiki moja ina saa 168. Nimekaa nikahesabu saa ambazo geti letu huwa wazi. Jumapili, Jumatano, mazoezi ya kwaya Jumamosi, hata kesha la mwezi nikiligawanya kwa wiki, sipati zaidi ya saa 15. Zile 153 zilizobaki tunalinda viti vya plastiki. Tuna ukumbi wenye umeme, maji, vyoo viwili, feni sita na ngoma, tulioujenga kwa harambee ya miaka minne, na umekaa gizani wakati ambapo vijana wa mtaa huu wanatafuta mahali pa kukaa. Mtoto akitoka shule saa kumi, mama yake anarudi saa mbili usiku. Hizo saa nne ni za nani? Maskani inazijua. Anayeuza bangi anazijua. Muguka nao, ule tuliopigia makofi kaunti ilipoupiga marufuku Mei 2024 kabla mahakama haijasimamisha amri hiyo, uko pale pale kona kila jioni, na muuzaji wake anawajua vijana wote kwa majina. Mimi mchungaji wao siwajui nusu.

Chuoni tulisoma habari za wachungaji wa Boston, Marekani. Mwaka 1990 mji ule ulikuwa na mauaji 152. Mei 1992 vijana wenye silaha waliingia katikati ya ibada ya mazishi kwenye kanisa moja la Kibaptisti wakamvamia kijana mwenzao mbele ya waombolezaji. Hapo wachungaji kadhaa waliona aibu. Wakaanza kutembea mitaani Ijumaa usiku, saa ambazo vijana wako nje, bila vipaza sauti, kwanza kusikiliza tu. Mmoja wa wauza dawa za kulevya aliwahi kumweleza mchungaji mmoja kwa nini kanisa linashindwa. Alisema yeye yuko pale mtoto anapotumwa dukani, na kanisa haliko. Mpaka leo sijapata mahubiri makali kuliko hayo, na yametoka kwa mtu asiyeenda kanisani.

Wachungaji hao hawakuishia kutembea. Walikaa na polisi, ambao mwanzoni walikuwa wakikosoana nao hadharani. Wakaja maafisa wa mahakama wanaosimamia vijana walio kwenye kifungo cha nje, na watu wa huduma za vijana wa mtaani. Kuanzia 1996 walikuwa wakiyaita magenge na kuyaambia mambo mawili kwa pamoja. Moja, mauaji yakome, na kundi litakaloua litafuatwa lote. Pili, hapa kuna kazi, kuna shule, kuna mtu wa kukusaidia, na hii ndiyo namba yake. Mwaka 1999 mauaji yalikuwa 31. Baadaye ushirikiano ule ulilegea, watu wakahamishwa, wengine wakagombania sifa, na miaka ya 2000 mauaji ya vijana yakapanda tena. Nataja hilo kwa makusudi, kwa sababu sisi Wapentekoste tunapenda ushuhuda uishie kwenye ushindi. Kazi hii ukiiacha inarudi ilikotoka.

Usiseme hayo ni ya Wazungu wenye pesa. Wengi wa wachungaji wale ni watu weusi wa mitaa maskini, na kutembea usiku hakulipiwi kodi. Na kama unataka mfano wa nyumbani, nenda Mathare, Nairobi. Tangu 1987 kuna chama cha michezo cha vijana, MYSA, ambacho timu zake za mpira hupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka mtaani. Timu ambayo haikusafisha inaweza kushinda uwanjani ikajikuta nyuma kwenye jedwali. Mtoto anajifunza kwamba mtaa ni wake. Nani kati yetu amewahi kumpa kijana wa Kisauni kitu cha kulinda?

Mnanijua sipendi semina. Tulifanya moja mwaka jana. Bango kubwa, mgeni rasmi, soda na fulana 80, hotuba nne kuhusu vijana kuwa viongozi wa kesho, picha, kila mtu nyumbani. Nilimwona yule kijana kwa mbali wiki iliyofuata amevaa ile fulana. Aliivaa mpaka ikapauka. Sisi tulishamaliza mradi.

Sasa hoja zilizonifikia inboksi, maana jambo hili tulilianza kabla ya Jumatano na wengine mmekuwa mkilipinga kimyakimya.

Ya kwanza, kwamba tunaungana na wasioamini. Mmenitumia 2 Wakorintho 6:14 watu saba tofauti, kama kwamba mimi siyo niliyewafundisha. Nira ni ya ng'ombe wawili kuvuta jembe moja, na jembe letu la ibada hatulipi mtu. Sheikh wa msikiti ulio nyuma yetu hajaniomba nibadilishe kiitikio, wala mimi sijamwomba aje kesha. Ana uwanja, sisi tuna ukumbi. Ana ustadhi anayewajua vijana wa upande ule mpaka kwa majina ya utani, sisi tuna mafundi. Nehemia aliomba barua kwa mfalme asiyemwabudu Mungu wa Israeli, akapewa mbao za msitu wa mfalme na askari wa kumsindikiza, na ukuta wa Yerusalemu ukasimama. Sijasoma mahali Nehemia akitubu kwa kuzipokea zile mbao.

Tena nyinyi wa Pwani mnajua historia yenu. Agosti 1997, pale Likoni, watu zaidi ya 100 waliuawa na wengine wapatao laki moja wakahama makwao. Baada ya hapo viongozi wa dini wa Pwani, Waislamu, Wakristo, Wahindu na wa dini za jadi, waliona kwamba kila mmoja akizika wake na kufunga mlango, mwaka wa uchaguzi ukija wataanza upya. Wakaunda baraza la pamoja linaloitwa CICC, na liko mpaka leo. Panga halimuulizi mtu kama ni mwokovu au ni wa swala tano. Yule mama wa viazi karai ni Mwislamu, kama hukujua. Na waliomkimbiza hospitali kwa tuktuk ni vijana wa steji ya boda, wa dini zote.

Ya pili, kwamba polisi hawaaminiki, sasa tunakaa nao meza moja kwa nini. Hapa nakubaliana nanyi nusu. Kuna kituo, nisikitaje, ambako mama mmoja wa kanisa hili alienda mwaka jana kutoa habari za vijana wanaoficha mapanga, na kabla ya jua kuzama vijana wenyewe walikuwa mlangoni kwake wakimuuliza kwa nini amewataja. Alihama. Kuna pia misako inayozoa kila kijana aliyekaa ukutani, mwenye hatia na aliyetumwa mkate, na wazazi mnajua watoto hutolewaje. Akishakuwa na kesi kwenye rekodi, cheti cha tabia njema cha DCI kinakuwa ndoto, na bila cheti hicho hata kazi ya kulinda geti la hoteli haipati. Tumemfungia mlango halafu tunamlaumu kwa kuruka ukuta.

Lakini fungua Matendo 23. Watu zaidi ya 40 waliapa kumuua Paulo. Mtoto wa dada yake, kijana tu, akasikia njama ile. Paulo hakusema tuiache mikononi mwa Bwana. Alimtuma kijana kwa jemadari wa Kirumi. Na jemadari yule, askari wa kipagani, alimshika kijana mkono, akamvuta kando, akamsikiliza faraghani, akamkataza asimwambie mtu yeyote kwamba ameleta habari. Usiku huohuo akamtoa Paulo mjini chini ya ulinzi. Hicho ndicho ninachokwenda kukidai pale kituoni, na sitakwenda peke yangu. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 imeweka kamati ambapo raia na polisi wanaketi pamoja kuhusu usalama wa eneo lao. Ya kwetu ikiitwa, wanaokwenda ni wawili watatu walewale. Nyumba Kumi tuliyoletewa 2013, mfano wa kwa jirani zetu Tanzania, hapa mtaani imebaki kuwa watu wa kuandikiana barua za kitambulisho. Ukikataa kukaa mezani utaendelea kulalamika nyuma ya pazia, na mama mwingine atahama.

Ya tatu, kwamba kazi ya kanisa ni injili tu. Huyu aliyeniandikia hivi tulimlipia karo ya mtoto kwa sadaka mwaka juzi, na hakuturudishia akisema tuhubiri injili tu. Naliacha hapo.

Tunachopendekeza ni hiki, msikie kutoka kwangu badala ya kusikia kwenye kikundi cha WhatsApp cha wamama. Ukumbi uwe wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku. Kila jioni watu wazima wawili wawepo, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, walioandikishwa na kuchunguzwa, kwa sababu sitawakabidhi watoto wa watu kwa yeyote anayejitokeza tu. Wa shule wafanye kazi za shule kwenye meza. Wasio shuleni waunganishwe na mafundi wetu. Tuna wachomeleaji vyuma wawili, mekanika mmoja, mafundi cherehani, wasusi, fundi umeme. Kila fundi achukue vijana wawili, mmoja wetu na mmoja asiye wa kanisa, kwa mwaka mzima, na mwisho wake tuwalipie mtihani wa NITA wa daraja la tatu ili wawe na karatasi mkononi. Jumamosi mpira kwenye uwanja wa msikiti. Ijumaa usiku wanaume wanane, wanne wa kwetu na wanne wa kwao, watembee kuanzia saa tatu hadi saa sita, bila rungu, na chifu na OCS wakijua tuko wapi. Ngoma zitapigwa. Ndiyo, zitaharibika. Tutanunua nyingine.

Haitamgeuza kila mtu. Wapo vijana ambao tayari mkono umezoea, na hao ni wa sheria. Wengi wao lakini wanakaa katikati, wanaangalia nani atawaita kwanza. Mnakumbuka Kazi Mtaani ya 2020, wakati wa korona? Vijana haohao tunaowaogopa walikuwa na mafagio na reki, wanazibua mitaro, jioni wanahesabu siku zao za malipo. Mradi ulipoisha hakuna hata kanisa moja hapa lililouliza wameenda wapi. Na sisi tumo.

Gharama ya umeme na vitafunio tumeipiga hesabu na kamati, mhasibu ataisoma Jumapili. Wawili kati yenu mmenitumia ujumbe kwamba jambo hili likipita mtapeleka zaka yenu kwingine. Pelekeni kwa amani. Nitawaandikia barua ya utambulisho kwa mchungaji huko mnakokwenda, na nitaomba atakayewapokea awe na kijana mmoja wa mtaani kwenye kila benchi lake.

Kura ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Washirika waliobatizwa ndio wanaopiga, ila mtu yeyote anaweza kuja kusikiliza, na nimemwalika sheikh na mzee wa mtaa waje waulizwe maswali yoyote, hata yale mnayoniuliza inboksi usiku wa manane. Kura ikikataa ukumbi, nitatii. Baraza ya nyumba ya mchungaji haihitaji kura, na kuanzia Jumatatu saa tisa nitakuwa nimekaa pale na ngoma moja.

Mama wa viazi karai yuko wodini bado. Saa za kutembelea ni saa sita na nusu hadi saa nane mchana. Ameshonwa, vidole viwili havina hisia. Meza yake na karai viko kwangu, asiwe na wasiwasi.

Mazishi ya kijana ni Alhamisi, kwao Kaloleni. Tunaondoka kanisani saa moja asubuhi. Mama yake aliniuliza kwa sauti ya chini kama kanisa litakubali nimzike, kwa vile alivyokufa. Nimemwambia nitakuja. Nimekodi matatu ya watu 14, na bado tunadaiwa nusu ya nauli yake. Anayetaka kwenda aandike jina hapa chini. Mpaka sasa tuko watatu, mimi, mke wangu na soja wa geti.